Gari ya mizigo inawaka leo, kesho inagoma: kulitafuta tatizo kutoka betri mpaka stata

Unazungusha swichi, inalia "tk" moja, kimya. Unazungusha tena, inawaka kama haikuwa na neno. Siku tatu baadaye inarudia, na safari hii uko kwenye foleni ya kuingia bandarini. Kwa gari za mizigo za Unguja na Pemba, ugonjwa huu mara nyingi uko kwenye viungio: klampu za betri, vishikio vya mwisho wa nyaya nene, na waya wa bodi unaounganisha injini na chasisi, vyote vimeliwa na chumvi. Betri inabadilishwa, gari inawaka wiki mbili kwa sababu klampu zilikazwa upya wakati wa kubadilisha, halafu inagoma tena. Fedha imekwenda.

Vipimo vya hapa ni vya gari za volti 24 zenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, kama zilivyo Canter na Fuso nyingi. Tayarisha mita ya umeme, spana namba 10, 12 na 14, brashi ya waya, msasa, magadi soda, vaselini, na taa ndogo ya volti 24 ya wati 5 yenye nyaya mbili ndefu. Hiyo taa usiidharau, kazi yake inakuja.

Kwa nini taa zinawaka na stata haipigi

Stata ya lori, mota inayoizungusha injini ili iwake, inapoanza kuzunguka huweza kuvuta amperi 300. Kiungio chenye kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kipimo ambacho mita ya kawaida haiwezi kukionesha sawasawa, hula volti 3 hapo hapo. Taa za mbele zinazovuta amperi 6 zikipita kiungio hicho hicho, zinapoteza volti 0.06. Ndiyo maana honi inalia, taa zinang'aa, na dereva anaapa kuwa betri na nyaya ni nzima. Kiungio kibovu hujulikana pale tu kinapobebeshwa mzigo. Kwa hiyo vipimo vyenye maana ni vile unavyosoma huku stata inapigwa.

Hatua ya 1: Gari iwe salama

Gia nyutro, breki ya mkono juu, kigogo nyuma ya tairi. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na sanduku la betri, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Zuia injini isiwake wakati wa kupima: vuta waya wa kuzimia, au chomoa soketi ya solenoidi (sumaku ya umeme) ya kukata mafuta. Kila ukipiga stata, isizidi sekunde 5, kisha ipumzike nusu dakika.

Hatua ya 2: Sikiliza, na tazama taa

Washa taa za mbele, mtu mmoja asimame mbele, mwengine apige stata.

Taa zikizimika kabisa au kubaki kama kaa la moto, umeme haufiki: kiungio kibovu au betri imekwisha. Ukisikia "tatatata" ya haraka, ni familia hiyo hiyo. Taa zikibaki ziking'aa na stata iko kimya, shaka iko kwenye swichi, rilei (swichi inayofungwa kwa umeme), fyuzi au waya mdogo unaoiamuru stata. Taa zikibaki ziking'aa na ukasikia "tk" moja nzito, angalia nyaya nene za stata, au ndani ya stata: shaba za solenoidi yake zimelika, au brashi zimekwisha. Stata ikizunguka kwa mlio mwembamba bila kugusa injini, hilo ni tatizo la gia ya stata na halihusiani na betri.

Hatua ya 3: Pima kila betri peke yake

Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Volti 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 ichaji kwanza kabla ya kuihukumu. Halafu weka mita kwenye betri moja na upige stata, kisha nyengine. Zisishuke chini ya volti 9.6. Moja ikibaki 10.8 na ya pili ikaanguka mpaka 7, umeshampata mgonjwa, lakini badilisha zote mbili kwa pamoja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, hazichajiki sawa na mpya itaharibika mapema.

Hapa pana kosa moja lililoenea mno: redio au chaja ya simu ya volti 12 kuungwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo hunyonywa peke yake siku nzima, huku alternata, mashine ya injini inayochaji betri, inachaji zote mbili kama kwamba ziko sawa. Inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake anachemshwa maji mpaka yanakauka. Weka kipunguzi cha volti 24 kwenda 12 na uunge kwenye betri zote mbili.

Hatua ya 4: Tafuta umeme unapopotelea

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mita iwe volti za DC. Gusa ncha moja juu ya nguzo ya risasi ya betri, katikati kabisa, na ncha nyengine kwenye klampu inayoishika nguzo hiyo hiyo. Piga stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.1, klampu haishiki. Rudia kwa nguzo zote nne, maana waya mfupi unaounganisha betri mbili husahauliwa na wengi.

Kisha kutoka nguzo chanya yenye waya unaokwenda kwenye stata mpaka bolti kubwa ya stata inakofika waya mnene: isizidi volti 0.5. Kisha kutoka ganda la stata mpaka nguzo hasi inayokwenda bodini: nako isizidi 0.5. Ikizidi upande huu wa pili, fuata waya wa bodi, ule unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda chasisi. Mara nyingi umefungwa juu ya rangi, au bolti yake imejaa kutu. Fungua, piga msasa chasisi mpaka chuma king'ae, funga.

Sasa zishike nyaya zenyewe kwa mkono. Sanduku la betri limening'inia ubavuni mwa chasisi, na gari inayobeba samaki wa barafu au magunia ya mwani kutoka Paje hudondosha maji ya chumvi juu yake njia nzima. Maji hayo yakigusa mwisho wa waya, nyuzi za shaba huyanyonya kama utambi wa kibatari. Bonyeza sentimita kumi za mwanzo kutoka kwenye kishikio. Pahali palipovimba, au panapokwaruza ndani kama mchanga, chana plastiki: utakuta unga wa kijani, na nyuzi nyeusi zinazokatika kwa ukucha. Kata kurudi nyuma mpaka uione shaba nyekundu safi, bana kishikio kipya kwa koleo lake na ufunike. Ikiwa weusi umeingia mbali, weka waya mpya usiokuwa mwembamba kuliko wa asili.

Hatua ya 5: Safisha na funga

Fungua upande hasi unaokwenda bodini kwanza, na uurudishe mwisho. Hivyo spana ikigusa chasisi ukiwa kwenye chanya, haitapiga cheche. Kijiko kikubwa cha magadi soda katika glasi ya maji ya uvuguvugu kinaondoa ule unga mweupe wa kwenye nguzo na klampu; vifuniko vya betri viwe vimekazwa, magadi yasiingie ndani. Suuza kwa maji baridi, yasiwe ya kisima cha chumvi. Kausha, piga msasa nguzo na ndani ya klampu, kaza mpaka klampu isizunguke kwa mkono. Usiigonge kwa nyundo, risasi hupasuka shingoni na maji makali yakaanza kuvuja. Vaselini pakaza baada ya kukaza.

Hatua ya 6: Ikiwa inakataa kugoma mbele yako

Sasa taa ndogo. Unga waya wake mmoja kwenye ule waya mdogo wa solenoidi ya stata, wa pili kwenye bodi, na uipitishe taa mpaka ndani ya kabini. Mwache dereva afanye kazi zake. Siku gari itakapogoma, aitazame taa akiwa ameshikilia swichi. Ikiwaka vizuri na stata imenyamaza, tatizo ni stata au nyaya nene. Isipowaka, tatizo ni swichi, rilei au fyuzi. Ikiwaka kwa unyonge, pima volti kwenye waya ule mdogo: chini ya 20 solenoidi huweza kushindwa kuvuta, hasa injini ikiwa ya moto.

Ukimaliza, washa injini, ipandishe mzunguko kidogo na upime betri zote mbili kwa pamoja. Volti 27.6 mpaka 28.8 ni chaji nzuri. Baada ya wiki moja rudi na spana namba 10 uzikaze klampu tena kidogo, kwa sababu risasi hukaa na kulegea.