Kushuka bonde la Ruvuma kwa baiskeli kutoka Newala

Anayepanga kushuka kwa baiskeli kutoka Newala kuelekea bonde la Mto Ruvuma akumbuke kwamba ugumu wa safari hiyo uko kwenye kurudi, kwa kuwa mji umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, na mteremko anaoufurahia asubuhi ndio huohuo atakaoupanda alasiri jua likiwaka. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni ya kiangazi na njia huwa kavu, ila ukavu huo huleta mchanga mwingi. Kabla ya kuuingia, punguza upepo kidogo, hasa tairi la mbele, mpaka likibonyezwa kwa dole gumba libonyee kidogo, kisha fuata mfereji mwembamba uliokanyagwa na bodaboda, maana waendeshaji wake wameshaichagua njia yenye ardhi iliyoshikana. Kwenye mteremko, bana breki na kuachia badala ya kuzishikilia mfululizo, zisije zikapata moto. Beba maji ya kutosha tangu juu, na usishawishike kunawa mtoni, kwani Ruvuma una mamba.