Zahanati ya kijiji chenu iingieje kwenye bajeti

Ndugu zangu, nimekaa miaka kumi kwenye Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ya kijiji chetu. Mpango wa taifa unapitishwa Dodoma, lakini zahanati yenu inaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kaeni mapema. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge hukaa kwa bajeti tangu Aprili, kwa hiyo ombi la Machi limeshachelewa. Sisi tulikuwa tunakutana Septemba.

Kabla ya mkutano, hesabuni. Msiandike "wananchi wanateseka", kila kijiji kinaandika hivyo. Mimi na mama mmoja wa kitongoji cha bondeni tulipita nyumba kwa nyumba na kaunta buku, tukimuuliza kila aliyejifungua mwaka ule: ulikwenda wapi, kwa usafiri gani, hela ilitoka wapi? Mmoja alitaja mbuzi wawili waliouzwa usiku kwa bei ya kutupa ili kumlipa bodaboda. Tuliandika vilevile alivyosema. Mbuzi wale ndio waliokuwa ada ya shule.

Mkutanoni, ambako kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana sauti, chagueni jambo moja la kwanza. Kisha muhtasari uwe na tarehe, azimio na mahudhurio yenye sahihi. Ombi letu la kwanza lilirudishwa kwa kukosa karatasi ya mahudhurio. Mwaka mzima ulipotea, na bado unaniuma.

Barua ya ombi itaje kwamba Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 uliweka lengo la zahanati kila kijiji. Inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani, ndipo ifike halmashauri ya wilaya. Ifuatilieni, msimwachie mtendaji wa kijiji peke yake.

Nguvu za wananchi zina uzito mkubwa. Tulisomba mawe na mchanga, tukafyatua tofali, tukanyanyua boma, yaani kuta bila paa, hadi kwenye renta ya juu ya milango na madirisha. Ila msichimbe msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajaleta ramani. Nimeona boma la watu waliojitolea kwa moyo wote limeota miti ndani, kwa kuwa vyumba havikufuata vipimo.

Fedha zikifika, daini mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwa nayanakili kwenye kaunta buku ileile, kurasa zinazofuata majina ya wale akina mama.