Hita ya umeme au ya gesi? Piga hesabu kwanza

Mimi ni fundi wa umeme na gesi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, kipi nafuu?" Nami hujibu kwa swali: unataka kupasha joto chumba kimoja saa chache za jioni, au nyumba nzima usiku kucha mchana kutwa?

Kama ni chumba kimoja, chukua umeme na usijisumbue zaidi. Huhitaji kutoboa ukuta, huhitaji mtungi, na ukihama unabeba hita yako. Usiuziwe maneno tu dukani. Hita ya feni, hita ya mafuta ile yenye mbavu, na ile ya koili inayong'aa, zote zikiwa za wati 2,000 zinatoa joto lile lile na zinakula umeme ule ule. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya feni inachangamsha chumba upesi, ya mafuta inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, na ya koili inakupasha wewe uliyekaa mbele yake huku chumba kikibaki na baridi yake. Anayedai ya kwake "inabana matumizi" kwa nusu, mwombe akuonyeshe wati zilizoandikwa nyuma.

Nyumba nzima ndiyo yenye hesabu. Yuniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, na kwenye hita ya kawaida karibu yote inageuka joto ndani ya chumba. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la kama kilowati-saa 13, lakini sehemu yake hutoka na moshi. Hita nzuri yenye bomba la kutolea moshi itakuachia kama 10. Basi chukua bei ya kilo moja ya gesi, uilinganishe na bei ya yuniti kumi za umeme. Ndogo ndiyo nafuu kwako. Gesi ya bomba, yaani gesi asilia, kila mita moja ya ujazo ina kilowati-saa kama 10, kwa hiyo baada ya kutoa hasara ya moshi ihesabu kuwa yuniti nane au tisa.

Mahali pengi umeme utashindwa hapo, na watu wengi huishia hapo hapo. Wanasahau pampu ya joto, kile kiyoyozi kinachoweza kugeuzwa kipashe badala ya kupoza. Chenyewe hakitengenezi joto, kinalivuta kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo yuniti moja ya umeme inaweza kukupa yuniti tatu za joto, hata nne pakiwa hapana baridi kali. Zile yuniti kumi zinakuwa tatu na kidogo. Kuifunga ni ghali, sikatai. Lakini anayejenga upya nyumba akaniuliza, humwambia aanzie hapo kabla ya kuwaza mabomba ya gesi. Mwenye boila ya gesi, mashine inayopasha maji yanayozunguka nyumba kwa mabomba, ikiwa bado inafanya kazi vizuri na mabomba yako tayari ukutani, aitumie hadi ichoke.

Upande wa umeme, tazama nyaya. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, tena kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi au birika haifanyi. Iwashe nusu saa, kisha shika plagi. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, izime na uite fundi abadilishe soketi. Na usiichomeke kwenye ekstensheni, hasa iliyoviringishwa, maana waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto lake. Soketi ya ukutani, basi.

Upande wa gesi una mambo mengi zaidi, na hapa ndipo huwa mkali na wateja. Zile hita za gesi zisizo na bomba la moshi, zinazosukumwa kwa magurudumu, zinamwaga ndani kila kinachotoka kwenye moto. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa maji zaidi ya lita moja na nusu, yote mvuke. Ndiyo maana madirisha yanalia na kona zinaota ukungu mweusi, na mwenye nyumba analaumu paa. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi unayoijua huongezwa kwenye gesi yenyewe ili uvujaji ujulikane; haikusaidii kuitambua kaboni monoksidi. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, zimeni hita, fungueni madirisha, tokeni, muombe msaada. Usilale nayo ikiwaka hata siku moja. Kengele ya kaboni monoksidi ninaihesabu ndani ya bei ya hita, si nyongeza.

Kengele ya uvujaji ni kitu kingine, na mahali pake hutegemea gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo kengele ikae chini na mtungi usikae kwenye chumba cha chini ya ardhi. Gesi ya bomba ni nyepesi, hupanda, hivyo kengele ikae karibu na dari.

Wapo wanaochagua gesi kwa kuhofia umeme kukatika. Boila nyingi zina feni na pampu zinazotumia umeme, kwa hiyo taa zikizima nayo inazima. Uliza kabla ya kununua.

Kama umeamua gesi, na hita yako inatoa moshi kwa dohani ya kawaida, yaani bomba ambalo moshi hupanda wenyewe bila kusukumwa na feni, usimlipe fundi kabla hajafanya jaribio hili ukiwa umesimama hapo. Afunge milango na madirisha, awashe feni ya kuvutia moshi jikoni, aache hita iwake dakika kadhaa, kisha asogeze kijiti cha ubani kwenye mdomo wa dohani juu ya hita. Moshi wa ubani unatakiwa kuvutwa ndani moja kwa moja. Moshi huo ukirudi chumbani, hita izimwe, na kazi haijaisha.