Betri ya gari haifi ghafla: dalili za kuzisoma kabla hujakwama asubuhi ya baridi

Majira yangu ya kwanza ya baridi ughaibuni, gari lilinipa taarifa wiki nzima na sikuisikia. Kila alfajiri nikiwasha, stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inazunguka kivivu, rrr… rrr… rrr, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule, halafu injini inashika. Nikasema ni baridi tu, itapita. Siku ya nane, saa kumi na moja na nusu, zamu inaanza saa kumi na mbili, nikageuza ufunguo nikasikia tk-tk-tk-tk, na taa za dashibodi zikafifia mpaka zikazima. Nikabaki nimekaa, glavu mikononi, pumzi ikiganda kwenye kioo.

Betri ya gari huchoka polepole, na inapochoka husema. Shida ni kwamba wengi wetu tunaisikiliza wakati usio wake.

Wakati wake ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Gari ulilotoka kuliendesha litawaka hata kwa betri mbovu, kwa sababu injini ina moto, oili imelainika na betri imetoka kuchajiwa. Ukiwasha nje ya supamaketi likashika mara moja, hujajua kitu. Msikilizaji mzuri wa betri ni mtu anayewasha gari baridi, redio imezimwa, feni imezimwa, na masikio yake yako kwenye stata.

Stata ndiyo inayokula umeme kuliko kifaa kingine chochote ndani ya gari. Kwa sekunde moja au mbili huvuta mamia ya ampea, wakati redio na taa za ndani zinaridhika na ampea chache. Ndiyo maana utasikia mtu akibisha: "Betri nzima hii, mbona redio inapiga?" Redio itapiga hata kwa betri ambayo haiwezi kuzungusha injini nusu duara.

Milio yenyewe ina maana tofauti. Mzunguko mzito na wa polepole ni betri iliyopungua chaji au iliyozeeka. Tk-tk-tk ya haraka ni swichi ya stata inayofunga na kuachia, kwa kuwa umeme uliopo hautoshi kuishikilia. Lakini ukisikia "tak!" moja tu, na taa zimebaki na mwanga wao kamili, mshuku stata kwanza. Na kama stata inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila injini haishiki, iache betri, tafuta kwenye mafuta au plagi.

Dalili nyingine ni za kuona. Taa kubwa zinafifia gari likisimama kwenye taa za barabarani, kisha zinang'aa ukikanyaga mafuta. Saa ya dashibodi imejirudisha yenyewe. Vioo vinapanda kwa kusuasua. Kwenye magari ambayo injini hujizima yenyewe ukisimama, ule mfumo unaacha kufanya kazi. Wengi hufurahi kwamba hatimaye umetulia, kumbe mara nyingi ni kompyuta ya gari imeona betri haina nguvu ya kuwasha tena, ikaamua isijaribu. Magari ya siku hizi pia hurusha taa za tahadhari zisizohusiana, breki, usukani, mikoba ya hewa, zote kwa pamoja, kwa sababu tu volti zimeshuka. Usikimbilie kutengeneza breki kabla hujapima betri.

Fungua boneti uangalie kwa macho. Unga mweupe, wa kijani au wa samawati kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita na hufanya betri nzima ionekane mbovu. Soda ya kuokea iliyochanganywa na maji na mswaki wa zamani huutoa, kisha kaza vifungo vizuri. Lakini gamba likiwa limevimba ubavuni, linavuja, au kuna harufu ya yai bovu, hapo hakuna cha kusafisha. Usiichaji, usiibusti kwa nyaya kutoka betri nyingine, usiisogelee na sigara. Itolewe.

Sasa hili la baridi, maana ndilo linalotukamata wengi. Umeme wa betri hutokana na kemia, na kemia hupoa pamoja na hewa. Nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hutoa nusu ya nguvu zake au hata chini ya hapo, na saa hiyo hiyo oili imekuwa nzito kama asali, injini inadai nguvu zaidi. Betri iliyodhoofika ingeweza kusogeza miezi mingi kwenye hali ya joto bila wewe kujua. Lakini usiilaumu baridi peke yake. Joto la kiangazi ndilo hula sahani za madini ya risasi zilizo ndani ya betri na kukausha maji yake. Baridi huja tu kuonyesha uharibifu uliokwisha kufanyika. Kwa hiyo pima majani yanapoanza kudondoka, usingoje theluji.

Na betri isiyo na chaji huganda. Asidi yake imebaki karibu na maji matupu, na nyuzi chache tu chini ya sifuri zinatosha, wakati iliyojaa huvumilia baridi kali mno. Ukiona betri imeganda usiiunganishe na kitu chochote, inaweza kupasuka.

Ukiwa na maltimita, kile kipimo cha umeme, hata ya bei rahisi, utajua mengi kuliko kubahatisha. Acha gari usiku mzima, kisha weka waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4, kama robo tatu. 12.2, nusu. Ikisoma 12.0 kushuka chini, iko hoi. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo ukiichaji usiku kucha na bado inasoma 10.5, seli moja imekufa na hakuna chaja itakayoifufua.

Kipimo cha pili kinahitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. Wewe tazama mita, yeye awashe. Namba itaporomoka, ndivyo inavyotakiwa, lakini kwa betri iliyochajiwa na katika hali ya hewa ya wastani isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikianguka hadi 8 au 7, umepata jibu hata kama dakika moja iliyopita ilisoma 12.6. Volti za betri iliyopumzika ni kama kina cha maji kwenye pipa: haikwambii chini kuna tope kiasi gani. Tope lenyewe ni fuwele za salfeti ya risasi zinazogandia sahani kila betri inapokaa muda mrefu bila chaji.

Cha tatu, injini ikinguruma, pima tena. Kati ya 13.8 na 14.7, alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inachaji. Ikisoma 12 na ushee na inaendelea kushuka, betri haina kosa, hailishwi. Baadhi ya magari mapya hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi, basi washa taa kubwa na feni kabla ya kuhukumu. Hapa ndipo watu hupoteza pesa: wananunua betri mpya, gari linawaka siku mbili, linazima tena.

Ile taa nyekundu yenye umbo la betri pia huwapoteza watu. Inapowaka ukiwa barabarani inasema uchajiwaji umekatika. Sasa unatembea kwa akiba. Zima kiyoyozi, redio na viti vya joto, usizime injini, nenda moja kwa moja kwa fundi au mahali salama. Ikiambatana na usukani kuwa mzito ghafla au joto la injini kupanda, huenda mkanda unaozungusha alteneta umekatika, hapo simama.

Kuna ule ujanja wa zamani wa kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili kuona kama alteneta ni nzima. Usifanye. Volti huruka juu ghafla, na kompyuta unayoweza kuunguza ni ghali kuliko betri na alteneta kwa pamoja.

Si kila betri iliyolala imekufa. Labda uliacha taa, au safari zako ni za dakika kumi kumi tu, alteneta haipati muda wa kurudisha ilichokopa. Au ulikwenda nyumbani likizo. Gari lililozimwa na kufungwa bado hunywa umeme kidogo, kwa ajili ya kengele na kompyuta, na hadi miliampea 50 huhesabiwa kuwa kawaida. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, 36 kwa siku 30. Betri ya gari la kawaida hubeba ampea-saa 60 hivi ikijaa. Ukirudi baada ya wiki sita usishangae. Kabla ya kusafiri chomoa waya wa hasi, au acha chaja ndogo ya kutunzia kama una mahali pa kuichomeka. Ichaji hadi ijae, uitazame: ikidumu wiki kadhaa, ilikuwa njaa tu. Ikilala tena baada ya siku mbili bila sababu, ama imechoka ama kuna kitu kinanyonya.

Umri nao uulize. Miaka 3 hadi 5 ndiyo maisha ya kawaida. Ukinunua gari kuukuu, tafuta tarehe kwenye kibandiko au iliyogongwa kwenye gamba. Betri ya miaka 5 yenye dalili moja tu kati ya hizi, mimi nabadilisha, sisubiri ya pili.

Ukikwama na jirani akaja na nyaya za kubusti: nyekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyolala, halafu chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho wa nyeusi kwenye chuma tupu cha injini yako, mbali na betri, kwa sababu cheche karibu na gesi ya betri ni hatari. Kuchomoa ni kinyume chake. Na gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata mkiwa wanaume kumi.

Wakati wa kununua, linganisha ukubwa, upande ziliko chanya na hasi, na namba iliyo kando ya herufi CCA, ambayo ndiyo nguvu ya kuwashia kwenye baridi; isiwe chini ya iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama gari lilikuja na betri ya AGM au EFB, zile aina imara zinazowekwa kwenye magari ambayo injini hujizima yenyewe, rudisha aina hiyo hiyo, ya kawaida itachakaa upesi. Magari mengine yanataka kompyuta iarifiwe kuwa betri ni mpya, muulize fundi kabla hajaanza. Kutoa, hasi kwanza. Kufunga, hasi mwisho. Ya zamani irudishe dukani, ina risasi na asidi, na sehemu nyingine ulishatozwa amana utakayorudishiwa ukiikabidhi.

Wenye magari ya haibridi na ya umeme msijione mmepona. Nayo mengi yana betri ndogo ya volti 12, mara nyingine imefichwa kwenye buti, na ikilala gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa.