Draiva huria au draiva za kampuni: amua kifaa kimoja kimoja

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Nyegezi, Mwanza, watu wananiuliza sana kama waweke Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye laptopu zao za used, na wakishakubali tu swali linalofuata ni hilo hilo, je niache draiva huria zilizokuja na mfumo (draiva ni programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) au niweke za kampuni iliyounda kifaa? Mi nawaambia usiamulie kompyuta nzima. Amua kifaa kimoja kimoja, maana mashine moja unaweza kukuta grafiki inakwenda vizuri na huria, printa inadai ya kampuni, na wifi haikupi hata nafasi ya kuchagua.

Draiva huria kodi yake, yaani maandishi ya programu, iko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaisoma na kuirekebisha, na nyingi zimo ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, ule moyo wa mfumo, kwa hiyo hudaunlodi kitu. Ya kampuni unapewa ikiwa imeshafungwa. Ni kama mashine ya mtumbwi ambayo fundi wa pale mwaloni Kirumba haruhusiwi kuigusa ndani, ikizima katikati ya ziwa unamsubiri aliyeiunda, na yeye huenda alishaacha kutengeneza mashine za aina hiyo miaka mitano iliyopita.

Kazi inaanzia dukani kabla hujatoa hela. Nenda na flashi yenye Ubuntu au Mint, ambazo ni aina za Linux, mwombe muuzaji uwashe mashine kwa hiyo flashi bila kuinstoli chochote, halafu testi wifi, sauti, kamera, mwanga wa kioo, funika laptopu ilale kisha ifunue uone kama inaamka. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike lspci -k, chini ya kila kifaa utaona mstari wa "Kernel driver in use", hiyo ndo draiva inayofanya kazi muda huo. Kama mstari haupo, hapo kuna maswali. Vya USB unavicheki kwa lsusb. Muuzaji akikataa usiwashe kwa flashi, mi huwa naondoka.

Grafiki ndo penye kesi kubwa. Ukikuta Intel usihangaike, draiva yake ni huria na imo tayari. AMD vilevile, amdgpu iliingia kwenye kerneli mwaka 2015 na kadi za zamani zaidi zinatumia radeon, iache kama ilivyo. Shida ni NVIDIA. Draiva huria yake, nouveau, iliandikwa na watu waliokuwa wanazichunguza kadi kwa nje hatua kwa hatua, na kuanzia kadi za GTX 900 kampuni iliweka famuwea (programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) yenye saini yake, kwa hiyo nouveau ikashindwa kuipandisha kadi mwendo, ikawa inatambaa tu. Mei 2022 NVIDIA wakafungua kodi ya kipande kinachokaa kwenye kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing (GTX 16 na RTX 20) kuja juu, ila famuwea na sehemu kubwa ya draiva inayokaa nje ya kerneli bado zimefungwa. Sasa kama una RTX na unaedit video za harusi au unatumia Blender kuchora 3D, weka ya kampuni, hapo sibishani na mtu. Lakini kama ni kadi ya GeForce 400 au 500 kwenye deskitopu ya zamani, draiva yake ya kampuni ni toleo la 390 na walishaacha kulihudumia mwisho wa 2022, kerneli mpya zinakuja zinaliacha nyuma, kwa hiyo kwa kuandika na kuperuzi baki na nouveau na utulie.

Kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba draiva ya kampuni lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika. Mimi yalinikuta usiku mmoja, naapudeti deskitopu yangu, umeme ukakatika katikati, uliporudi nawasha naona kioo cheusi na kesho yake asubuhi kuna kazi ya mtu inasubiriwa. Ikikukuta usifomati! Wakati inawaka bonyeza Shift au Esc utoe menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani, ikishawaka andika sudo dpkg --configure -a imalizie ilipoishia. Na kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini wakati wa kuwaka, iko on, Ubuntu itakudai nenosiri wakati wa kuweka draiva, halafu ukirestati inakuja skrini ya bluu inayokutaka uthibitishe, usipoiwahi inapita na draiva haitafanya kazi, wengi wanadhani draiva ni mbovu kumbe ni hiyo tu.

Wifi. Za Intel draiva ni huria ila famuwea imefungwa, hamna namna, Debian wenyewe tangu toleo la 12 la Juni 2023 wanaiweka kwenye flashi ya kuinstolia. Kadi kadhaa za Broadcom kwenye laptopu za zamani zinataka draiva ya kampuni inayoitwa wl, na kuipata unahitaji intaneti, na intaneti huna kwa sababu wifi haijakaa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, Linux inaiona kama waya wa mtandao na unadaunlodi kwa bando lako. Vile vidude vya wifi vya USB usiamini jina la kwenye boksi, chipu ya ndani inaweza kuwa nyingine kabisa, chomeka ujaribu hapo hapo dukani.

Printa mi nina huruma na wenye steshenari, sichagui itikadi pale, nachagua inayochapa. HP wana HPLIP, draiva ya printa zao ambayo ni huria, ila baadhi ya leza ndogo kama LaserJet P1102 zinadai kipande kilichofungwa juu yake. Canon LBP nyingi zinataka ya kampuni. Kama unanunua mpya tafuta yenye AirPrint, njia ya kuchapa kupitia mtandao, hizo kwa kawaida zinachapa bila draiva yoyote ya ziada.

Halafu jiulize nani ataihudumia hiyo mashine. Kuna mwalimu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniletea laptopu yenye Intel na NVIDIA kwa pamoja, ya kampuni ingempa kasi, lakini yeye anaandaa mitihani na kuangalia video tu, na siku ikimgomea itabidi apande meli kuja Mwanza kutafuta fundi, faili lenyewe la draiva ni mamia ya MB kwa bando lake. Nikamwacha kwenye Intel, NVIDIA tukaizima kabisa, na betri ikaanza kudumu zaidi. Nikampa na ile flashi aende nayo.