Namna ya Kuitazama Picha ya Mtoto Iliyochorwa na Mary Cassatt

Picha iitwayo Msichana Mdogo Kwenye Kochi la Buluu, ambayo Mmarekani Mary Cassatt aliichora nchini Ufaransa mwaka 1878, imehifadhiwa katika jumba la National Gallery of Art mjini Washington, na upana wake unakaribia sentimita 130. Anayeitazama kwenye simu aikuze sehemu kwa sehemu, kwani ikiwa ndogo mengi yake hupotea.

Usianze na uso. Mtoto huyu hakutazami, macho yake yameelekea chini pembeni, na ukimng'ang'ania usoni litakupita jambo kuu, yaani namna alivyokaa. Amejiachia kochini, miguu ameitanua, gauni jeupe limepanda juu, na mkono mmoja ameukunja nyuma ya kichwa. Huyu ni mtoto aliyechoka kuambiwa atulie, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ujasiri wa mchoraji, maana picha nyingi za watoto za zama zile ziliwapanga na kuwapamba ili wapendeze machoni pa wageni.

Baada ya hapo tazama chumba. Kuna makochi manne, mengine yamekatwa na ukingo wa turubai, na katika mojawapo amelala mbwa mdogo; katikati imebaki sakafu ya kijivu inayolivuta jicho hadi madirishani. Ichunguze sana sehemu hiyo ya nyuma, kwa kuwa Cassatt mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard mwaka 1903, alieleza kwamba mchoraji mwenzake Edgar Degas alimshauri kuihusu na hata akashika brashi kuifanyia kazi.

Sasa sogelea kitambaa cha makochi. Hutakuta ua lililochorwa likakamilika, bali mipigo mifupi ya rangi mbalimbali iliyotupwa juu ya buluu. Ukirudi nyuma hatua chache, mipigo hiyo hugeuka nakshi. Linganisha na uso, ambao rangi yake imelainishwa kwa subira zaidi, kisha toka kwenye mshipi wa miraba uliofungwa kiunoni hadi kwenye soksi zinazofanana nao, uone jinsi mwili uliolegea ulivyounganishwa.

Ukitaka kujipima, weka kando yake Msichana Mwenye Kopo la Kumwagilia, ambayo Auguste Renoir aliichora mwaka 1876 na ambayo imo katika jumba hilo hilo. Binti wa Renoir amesimama wima bustanini, ana gauni la buluu na utepe mwekundu kichwani. Anza tena na mkao, na uso uuache uwe wa mwisho.