Jinsi ya kusoma mgawo wa mirathi ya mkulima mwenye watumwa, Kusini mwa Marekani

Anayefuatilia ukoo wa Wamarekani weusi akirudi nyuma hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina watu wengi waliotoka utumwani. Orodha za watumwa za sensa za 1850 na 1860 zina jina la mwenye mali, kisha umri na jinsia ya kila mtu, na kwa kawaida hakuna majina. Majina yenyewe yako kwenye karatasi za mirathi. Mkulima alipofariki, mahakama ilitaka kila alichokuwa nacho kiandikwe na kutiwa bei, wakiwamo watu.

Hatua ya 1: Tafuta mahakama

Kumbukumbu hizi ziko kaunti kwa kaunti, na mahakama hazina jina moja. Maryland ni Mahakama ya Yatima. Alabama nayo ilikuwa Mahakama ya Yatima hadi 1850, kisha ikawa Mahakama ya Mirathi. Georgia utakuta Court of Ordinary. Louisiana haina kaunti, ina parokia, na karatasi nyingi za zamani ni za Kifaransa. Angalia pia kama kaunti yako ilimegwa kutoka nyingine: mirathi iliyofunguliwa kabla ya kumegwa ilibaki kaunti mama. Picha nyingi za karatasi hizi zinapatikana bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo.

Hatua ya 2: Kusanya jalada zima

Usiridhike na wosia. Unatafuta dhamana ya msimamizi, orodha ya mali na bei zake, hesabu ya mnada, hesabu za kila mwaka, hati ya mgawo, na hesabu za walezi wa warithi wadogo. Kuna vitabu ambamo karani alinakili, na kuna karatasi zenyewe zilizokunjwa ndani ya bahasha. Zikiwapo zote mbili, anza na karatasi, maana karani aliponakili aliruka mistari. Hati ya mgawo inaweza kuchelewa miaka kadhaa baada ya kifo, hasa kama kulikuwa na madeni au mtoto wa mwisho hajatimiza miaka 21, kwa hiyo endelea kufungua vitabu vya miaka inayofuata.

Hatua ya 3: Soma orodha ya bei

Wathamini, mara nyingi watatu, walizunguka shamba na kuandika walichokiona. Mstari wa kawaida husomeka hivi: "Dinah na mtoto wake mchanga, dola 900". Juu yake kuna jozi ya nyumbu, chini yake sufuria na majembe. Mstari huo mmoja unakupa mama, mtoto, na dalili ya umri. Jina likiandikwa na neno "Old" mbele, huyo ni mzee, na bei yake huenda ikawa dola 0. Wengine waliandikwa kama gharama, kwa sababu mrithi aliyewachukua angewalisha bila kupata kazi. Usiwaruke wazee hawa: mara nyingi ndio babu na bibi wa nusu ya orodha.

Makosa ya kusoma ni yale yale. Herufi s ndefu ya zamani hufanana na f, kwa hiyo "Jefse" ni Jesse. Bei za 1863 na 1864 ni dola za Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na zilikuwa zimeporomoka. Usizilinganishe na za 1858.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mafungu

Hapa ndipo penye kazi. Mahakama iliteua wagawaji, nao wakawapanga watu katika mafungu yenye thamani karibu sawa, moja kwa kila mrithi, kisha mara nyingi kura ikapigwa. Tuseme jumla ni dola 7,200 na warithi ni wanne: haki ya kila mmoja ni 1,800. Mafungu yametoka 1,950, 1,850, 1,750 na 1,650. Wa kwanza atalipa 150 na wa pili 50. Wa tatu atapokea 50 na wa nne 150. Wasomaji wageni huidhani ile 150 kuwa bei ya mtu aliyeuzwa. Siyo, ni fidia ya kusawazisha.

Jumlisha mwenyewe kila fungu. Ikikataa, umesoma 1 badala ya 7, au kuna jina limekuponyoka kwenye mkunjo wa karatasi.

Usawa huo wa dola ndio uliotenganisha familia. Fungu likipungua 300, mtoto wa miaka minane alitolewa kwa mama yake akajaza pengo. Kwa hiyo usimtafute ndugu ndani ya fungu moja tu. Rudi kwenye orodha ya bei, ambako mama na watoto bado wanaweza kuwa wamefuatana, uone kila mmoja ameangukia wapi.

Hatua ya 5: Fuata wakwe na mjane

Fungu la binti aliyeolewa kwa kawaida liliingia mikononi mwa mumewe, na kuanzia hapo jina la ukoo wa marehemu linapotea. Mfano unaojulikana ni wa Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa mpigania kukomeshwa kwake. Aaron Anthony wa Kaunti ya Talbot, Maryland, alifariki 1826 bila wosia. Mwaka 1827 Frederick, mtoto wa miaka tisa hivi, alirudishwa kutoka Baltimore ili athaminiwe na kugawiwa. Lucretia, binti wa marehemu, alikuwa amekwisha kufa, na fungu lake likaenda kwa mumewe, Thomas Auld. Ukimtafuta Frederick kwa jina la Anthony baada ya hapo, humpati.

Kwa mjane, aliyezoea faraidhi asiingize thumni hapa. Virginia, mjane alipata theluthi ya ardhi na ya watumwa, kwa kutumia maisha yake yote tu. Akifa, vinarudi kwa warithi wa mume. Daniel Parke Custis alifariki 1757, mjane wake Martha akaolewa na George Washington. Mwaka 1799 watumwa 153 wa Mount Vernon, shamba la Washington, walikuwa wa theluthi hiyo, na wosia wa Washington haukuweza kuwapa uhuru. Martha alipofariki 1802, waligawanywa kwa wajukuu zake wanne. Kwa hiyo tafuta mgawo wa pili, labda miaka 40 baada ya wa kwanza.

Hatua ya 6: Jaza miaka ya katikati

Mrithi mdogo alikuwa na mlezi, na mlezi aliwakodisha watu wake, kwa kawaida kuanzia 1 Januari. Hesabu yake ya kila mwaka inataja nani alikodishwa, kwa nani, kwa kiasi gani. Chora jedwali: majina kushuka, miaka kuvuka. Jina jipya kwa kawaida ni mtoto aliyezaliwa, na alimfuata mama yake utumwani hata baba awe huru. Jina likitoweka, angalia mnada wa kulipa madeni kabla ya kuandika kuwa amekufa.

Hatua ya 7: Shuka hadi 1870

Chukua kila fungu, mtafute mrithi wake alikohamia, Alabama, Mississippi au Texas, kisha soma sensa ya 1870 ya jirani zake wote, bila kujali majina ya ukoo, kwa kuwa wengi hawakuchukua la bwana wa mwisho. Mwisho, fungua fomu za Benki ya Freedman, benki ya akiba ya waliotoka utumwani (1865 hadi 1874). Nyingi zinataja baba, mama, kaka na dada wa mwenye akaunti, na wakati mwingine bwana wa zamani. Zilinganishe na mafungu yote, siyo lile la babu yako peke yake.